Mbuzi wa Nyumba ya Bati

Asubuhi pale Kewanja ilianza na nyundo. Jogoo akiwika, wanawake walikuwa wameshakaa chini, miguu wameinyoosha, wanaponda mawe yaliyotoka duarani. Duara ni shimo la dhahabu. Jiwe likipondwa linakuwa unga. Unga ukioshwa, dhahabu inabaki chini. Ko, ko, ko, mpaka jua linapanda.

Mimi na mama tulikuwa miongoni mwa hao wanawake. Jina langu ni Wegesa. Mama yangu ni Rhobi, na baba yangu ni Werema. Baba na kaka yangu Felix walishuka duarani kila siku. Nilisoma mpaka darasa la tano. Dhahabu ilipotoka, wavulana waliokuwa wakichunga walikimbilia mashimoni, na mbuzi wetu wakakosa mchungaji. Basi mchungaji nikawa mimi.

Nyumbani tulikuwa na mtoto, Simioni, mwana wa marehemu dada yangu. Alikuwa na miaka miwili. Surua ilikuwa imempiga na kumwacha na mikono kama vijiti. Muuguzi wa zahanati alimwambia mama, "Mpe uji, mpe maharage, na mpe maziwa yaliyochemshwa kila siku. Huyu atasimama."

Ng'ombe wetu walikuwa kwa baba mdogo, ng'ambo ya mto Mara, upande wa Serengeti, kwenye malisho. Maziwa yaliyokuwa karibu ni ya mbuzi. Na mbuzi aliyekuwa na maziwa mengi kuliko wote ni Kofia, jike jeusi mwenye utosi mweupe.

Leo Simioni anakimbia. Kuna watu waliofanya akimbie, na mimi si mtu wa kusema sana mbele za watu. Kwa hiyo nawashukuru kwa kuandika.

Mwaka ule duara la baba lilitema. Wachimbaji wakisema duara limetema, maana yake limetoa dhahabu. Baba alinunua mabati. Aliezeka nyumba yetu, na mabati mengine yakabaki. Siku hizo kijiji kilijaa watu tusiowajua, na wote walitaka nyama. Wezi waliingia kwa jirani wakachukua mbuzi wote, hata mbwa hakubweka.

Baba akasema, "Mbuzi wangu hawataibiwa."

Alibomoa banda la zamani. Lile lilikuwa la fito na nyasi, na upepo ulipita kila upande. Mahali pake akajenga banda la bati. Bati juu, bati ubavuni, bati mlangoni. Lilikuwa fupi, mtu mzima aliingia ameinama. Dirisha hakuweka. Aliweka kufuli kubwa.

Watu wakipita njiani walimtania. "Werema, mbuzi wako wamekuwa mabwana. Nipangishe chumba kimoja."

"Kwanza jifunze kula majani," baba alijibu.

Alifurahi sana. Wengi pale kijijini bado walilala chini ya nyasi, na mbuzi wa Werema walilala chini ya bati.

Ratiba ya mbuzi nayo ilibadilika. Zamani walitoka mapema, umande ukianza kukauka, na walirudi jua likizama. Sasa asubuhi nilikaa kwanza kwenye nyundo pamoja na mama. Nilipowafungulia, jua lilikuwa limeshapanda. Na baba hakutaka wachelewe nje kwa sababu ya wezi. Kwa hiyo niliwarudisha jua likiwa bado kali, nikawafungia. Humo ndani tuliwawekea mabua makavu ya mahindi na pumba.

Hatukuona ubaya. Walikuwa na chakula, na walikuwa na kufuli.

Kisha kiangazi kikaja. Nyasi zilikauka, na jua likakaa juu yetu kama mgeni asiyeaga.

Mama ndiye aliyeona kwanza. Alikuwa akikamua Kofia, akainua kibuyu, akakitikisa karibu na sikio.

"Wiki iliyopita kilikuwa hakitikisiki hivi," alisema. "Kimepungua."

Baada ya hapo kikapungua tena. Nilianza kuwaangalia mbuzi vizuri. Mchana walihema midomo wazi. Mate yalidondoka. Mbavu zilipanda na kushuka haraka, kama za mbwa aliyefukuza sungura. Maji waliyanywa kwa pupa, lakini mabua waliyanusa tu na kuyaacha. Migongo yao ilianza kutoa mifupa. Jike mmoja akatupa mimba. Beberu, ambaye zamani hakuwapa majike raha, alisimama tu, kichwa chini.

Felix alimwangalia akasema, "Hata beberu ameokoka."

Mama hakucheka. Alikuwa amembeba Simioni mgongoni, na Simioni alikuwa analia akinyoosha mkono kwenye kibuyu.

Mama alifanya alichoweza. Mbuzi hawali? Akawaongezea pumba. Akaipeleka mchana, akaisukuma mpaka midomoni mwao. Kofia alikula kidogo, akaacha. Siku iliyofuata alihema zaidi, na tumbo lake likaonekana kumsumbua.

Jioni moja baba alitoka bandani amekunja uso.

"Ni homa ya mapafu," alisema. "Naijua. Ikiingia kwenye zizi inamaliza wote. Jumamosi mwenye bucha wa kambi ya wachimbaji anakuja kuwachukua. Afadhali kisu kuliko kuwazika."

"Wote?" mama aliuliza.

"Wote."

"Na Simioni atakunywa nini?"

"Duara likitema tena tutanunua ng'ombe wa karibu."

"Duara halina matiti, Baba Felix."

Baba alimpenda Simioni sana. Kila jioni alimweka mapajani na kumpima mkono kwa vidole vyake viwili. Lakini hakuona njia nyingine.

Jirani yetu aliitwa Jerioth. Sisi tulimwita Mama Okinyi. Alikuwa mama wa Kijaluo kutoka Shirati, kando ya ziwa, na pale Kewanja aliuza samaki kwa wachimbaji. Jiko lake lilikuwa la nyasi kuukuu, likivuja kila mvua. Alikuwa mtu wa maneno mengi na mkono mwepesi wa kusaidia.

Siku iliyofuata alikuja na karai la samaki kichwani. Alinikuta nimesimama mlangoni mwa banda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, nyathina." Ndivyo alivyoniita, maana yake mwanangu. Alichungulia ndani. Kisha akaweka kiganja chake kwenye ukuta wa bati. Alikitoa haraka, akakipuliza.

"Yawa!" alishangaa kwa Kijaluo. "Mnafuga mbuzi au mnawaoka?"

Nilicheka kwa ndani, halafu nikaona huzuni.

Aliingia uani akamkuta baba. "Baba Felix, nasikia Jumamosi unauza."

"Wana homa ya mapafu."

"Nani amesema?"

"Macho yangu."

"Kama ni ugonjwa, utawalisha vijana wa watu ugonjwa? Na kama si ugonjwa, unauza mali nzima kwa bei ya mzoga. Yote mawili ni mabaya. Stanslaus, yule bwana mifugo, yuko upande huu wa kata ya Kemambo anachanja ng'ombe. Kesho nampelekea samaki. Nitamwambia apite."

"Atakuja na sindano na maneno mengi."

"Maneno umeshazoea. Mimi ni jirani yako."

Baba alitabasamu kidogo. "Aje. Lakini Jumamosi ni Jumamosi."

Stanslaus alikuja kesho yake mchana kwa baiskeli, na Mama Okinyi alikuja nyuma yake kwa miguu. Stanslaus alikuwa kijana mrefu mwenye begi la ngozi. Alimwamkia baba, ambaye siku hiyo hakushuka duarani, akamwamkia mama, kisha hakukaa. Alikwenda moja kwa moja kwenye banda.

"Nani anachunga hawa?" aliuliza.

Wote waliniangalia. Mimi niliangalia vidole vya miguu yangu.

"Wanakohoa?"

Nilimnong'oneza mama. Mama akasema, "Anasema hawakohoi."

"Wana kamasi puani?"

Nilinong'ona tena. "Anasema hawana."

"Na asubuhi na mapema, kabla ya jua, wanahemaje?"

Mama alitaka kujibu, akasita. Baba naye hakujua. Saa hizo yeye alikuwa anajiandaa kwenda duarani. Ni mimi tu niliyejua, maana niliwachungulia kila alfajiri kabla ya nyundo.

Stanslaus alisema kwa upole, "Dada, niambie mwenyewe. Mimi nachanja, siumi."

Nikasema, "Alfajiri wanahema vizuri. Wengine wanacheua. Jua likipanda ndipo wanaanza kuhema midomo wazi. Nikiwarudisha bandani wanazidi."

"Hilo ni jibu zuri sana," alisema, akatoa kipimajoto.

Alimpima Kofia, akakisoma, akatikisa kichwa. Alipima jike mwingine. Kisha akatazama huku na huku.

"Lile ghala la nani?"

Ghala letu la mahindi lilikuwa bado limeezekwa kwa nyasi, limeinuliwa kwa miguu ya miti. Chini yake palikuwa na kivuli, na upepo ulipita. Stanslaus aliwafunga Kofia na mwenzake pale chini. Aliniambia nilete maji ya kisima. Nikawapa wakanywa. Mengine tukawamwagia kidogo kidogo miguuni na tumboni.

Mama akamkaribisha uji. Akanywa taratibu, akaongea na Mama Okinyi habari za samaki. Baba alisimama pembeni, mikono nyuma. Uji ulipokwisha, Kofia alikuwa amefunga mdomo. Mbavu zake zilikuwa zinakwenda polepole. Stanslaus alimpima tena.

"Joto limeanza kushuka," alisema. "Mzee, hii si homa ya mapafu. Mbuzi mwenye homa ile anakohoa, anatoka kamasi, na anahema hata alfajiri. Kivuli hakimponyi. Ukiona dalili hizo, niite haraka na usimchanganye na wenzake. Hawa wako wanaumwa joto."

"Joto si ugonjwa," baba alisema.

"Si ugonjwa, lakini linaua kama ugonjwa. Linaua polepole."

Alichuchumaa karibu na Kofia, akaweka mkono kwenye tumbo lake upande wa kushoto.

"Njoo, Wegesa. Weka mkono hapa. Unasikia nini?"

"Vuguvugu. Na kuna kitu kinaunguruma."

"Tumbo la mbuzi ni chungu cha kupikia. Majani yanaingia humo, yanachachuka kama togwa, na yakichachuka yanatoa joto. Chakula ndicho kuni za mwili. Wakati wa baridi moto huo ni mzuri. Lakini kiangazi, mbuzi ana moto nje na moto ndani. Jua hawezi kulizima. Atazima upi?"

"Wa ndani," nikasema.

"Atauzima vipi?"

Nilifikiri. "Ataacha kula."

"Ndivyo. Hakatai chakula chenu kwa kiburi. Anapunguza kuni. Sasa tazama shida ya pili. Kuhema ni kazi. Kifua kinapanda na kushuka mchana kutwa, na kazi hiyo inakula nguvu. Kwa hiyo nguvu inayoingia imepungua, na inayotoka imeongezeka. Mwili unachukua akiba. Kwanza unakula mafuta yake. Mafuta yakipungua, unakula nyama yake wenyewe. Ndiyo maana mifupa inaonekana. Na damu nyingi inakwenda kwenye ngozi kutafuta ubaridi, badala ya kupeleka chakula kwenye kiwele au kwa kitoto tumboni. Maziwa yatatoka wapi? Mimba itashikwa na nini?"

Mama akauliza, "Na pumba niliyowaongezea mchana?"

"Mama, ulifanya kwa upendo. Lakini uliongeza kuni kwenye moto. Tena mbuzi anayehema anapoteza mate mengi, na mate ndiyo yanayotuliza tumbo lisichachuke kupita kiasi. Pumba nyingi kwenye tumbo la namna hiyo inaumiza. Mabua makavu nayo ni magumu. Yanafanya tumbo lifanye kazi kubwa na kutoa joto zaidi."

Baba alikohoa. "Kijana, mbuzi ni mnyama wa jua. Baba yangu alichunga hapa hapa, jua hili hili. Hakuwa na kipimajoto."

"Kweli, mzee. Mbuzi anavumilia jua kuliko wanyama wengi. Mbuzi wa baba yako walilala wapi?"

"Kwenye banda la fito."

"Usiku upepo uliwapoza. Mbuzi akipoa vizuri usiku, mchana wa kesho anauweza. Wako hawapati kupoa. Wanatoka joto likiwa limepanda, wanarudi joto likiwepo, wanaingia ndani ya bati lililoota jua siku nzima."

"Bila bati wezi watanimaliza."

Hapo Felix akaingia kutoka duarani. Mwili wote ulikuwa vumbi na jasho. Mama alimwekea ugali na samaki. Felix alitazama ugali, akausukuma pembeni.

"Siwezi kumeza, mama. Leo chini ni moto. Nipe maji tu."

"Hujala tangu asubuhi."

"Nitakula jioni nikipoa."

Mama alimwangalia Felix, akamwangalia Kofia. Mama Okinyi akapiga makofi mara moja.

"Haya, Baba Felix. Beberu wako wa kwanza huyo. Yeye naye ana homa ya mapafu? Jumamosi umuuze?"

Felix hakuelewa kwa nini wote wanacheka. "Nimefanya nini?"

Baba hakucheka. Aliliangalia banda lake. Kisha akainama, akaingia ndani, na akavuta mlango nyuma yake.

Tulisubiri. Mbuzi walikuwa humo pamoja naye, tuliwasikia wanahema. Bati lililia kidogo kwa joto, ta, ta. Mama akasema, "Baba Felix, toka bwana," lakini baba hakutoka.

Alipotoka, shati lilikuwa limegandama mgongoni. Alikaa kwenye jiwe chini ya ghala, karibu na Kofia. Alichukua kata ya maji kutoka mkononi mwa Felix, akanywa yote.

"Mura," alimwambia Felix, kama tunavyomwita kijana kwa Kikurya. "Duara lisilo na tundu la hewa, tunashuka?"

"Hatushuki, baba. Kwanza tunatoboa tundu la pili, hewa ipite."

"Tunafanya hivyo kwa ajili yetu." Alifuta uso. "Mbuzi nimewajengea duara, nikaziba matundu yote, nikaweka na kufuli."

Stanslaus akasema, "Na mzee anajua kutoboa."

"Najua," baba alisema. "Wezi je?"

"Mwizi anazuiwa na mti mnene na mbwa mkali. Bati lenyewe mtu analikunja kwa mikono."

Baba alifikiri. "Matimba," alisema. Matimba ni magogo ambayo wachimbaji wanayatumia kuzuia udongo usianguke duarani. "Nikisimamisha matimba, mwizi atakata mpaka asubuhi, na sisi tutamsikia. Upepo utapita katikati."

"Sasa umenizidi mimi," alisema Stanslaus.

Kazi ilianza siku ile ile. Baba na Felix waling'oa mabati yote ya ubavuni. Walisimamisha matimba, wakaacha nafasi kati ya gogo na gogo, nafasi ya kupita mkono lakini si mbuzi. Paa walilipandisha juu, mtu aweze kusimama wima chini yake. Juu ya bati walitandaza nyasi nene ili jua lisipige bati moja kwa moja. Mlango wa miti ulitazama mlango wa nyumba yetu, na mbwa akafungwa hapo kati. Kufuli ilibaki ile ile.

Jumamosi mwenye bucha alifika na kamba zake. Alikuta baba yuko juu ya paa na nyasi mkononi.

"Werema, mbuzi wako wapi?"

"Wako kivulini. Hawauzwi."

"Nimetembea kote huku kwa neno lako."

"Kunywa maji, ndugu yangu. Mbuzi wangu hawakuwa wagonjwa. Mwenye banda ndiye asiyekuwa mzima."

Mwenye bucha aliguna, akanywa maji, akaondoka.

Na ratiba tuliirudisha. Mama aliniondoa kwenye nyundo ya asubuhi. "Dhahabu itasubiri," alisema. "Imekaa ardhini tangu dunia iumbwe." Niliwatoa mbuzi mapema, wakati bado kuna ubaridi. Nilimuuliza Stanslaus juu ya umande, maana wazee wetu wanauogopa. Akasema wazee wana sababu. Kwenye majani mafupi yenye umande, minyoo inapanda. Basi akanifundisha kuwapeleka kwanza kwenye vichaka vya mlimani, ili wale majani ya juu. Mbuzi anapenda majani ya juu kuliko nyasi.

Jua likiwa kali, niliwarudisha chini ya kivuli, wacheue wakiwa wamelala. Sikuwakimbiza wala kuwatembeza mbali wakati huo. Jua likipoa niliwatoa tena, Felix akanisindikiza na rungu kwa sababu ya wezi. Mabua na pumba kidogo tuliwapa jioni, chungu cha tumboni kichemke wakati wa ubaridi. Tuliwakatia pia majani ya viazi vitamu. Tuliwawekea chumvi kidogo ya kulamba, kwa sababu mate yanapotoka chumvi nayo inatoka. Maji ya kisima yalikaa kivulini siku nzima, tena masafi. Yale ya mabwawa ya kuoshea dhahabu hatukuwapa kamwe, kwa kuwa yana zebaki, na zebaki ni sumu kwa mnyama na kwa mtu.

Nguvu iliyopotea hairudi kwa siku moja. Jike mmoja dhaifu tulimpoteza hata hivyo, na mama alisikitika. Lakini wengine waliacha kuhema midomo wazi. Halafu wakaanza kumaliza majani. Halafu, asubuhi moja, mama alikitikisa kibuyu karibu na sikio lake, akanipa na mimi nikitikise.

Kilikuwa kizito. Hakikusema kitu.

Mama alikaa chini pale pale kwenye majani, akaweka kibuyu mapajani. "Asante, Mungu," alisema. "Asante, Mama Okinyi. Asante, kijana wa baiskeli." Kisha akachemsha maziwa, akayapoza, akamwita Simioni.

Mvua zilikuja. Beberu akarudia tabia zake, na Felix akatangaza kwamba ameacha wokovu. Simioni alisimama kwa kushika gogo la banda, akatembea kutoka gogo hili mpaka lile. Baba alimpima mkono jioni, na vidole vyake viwili havikukutana tena. Alituonyesha sote, mmoja mmoja.

Miezi ikapita, Kofia akazaa mapacha, majike wawili. Mmoja, alipoacha kunyonya, tulimpa Mama Okinyi. Kwetu shukrani ya kweli haiendi mikono mitupu. Mama alimfunga kamba laini shingoni, nikampeleka mwenyewe, na baba na Felix wakanifuata nyuma. Walibeba kichwani yale mabati yaliyokuwa kuta za mbuzi.

Mama Okinyi alitoka jikoni akifuta mikono. Aliona kitoto, akaona mabati.

"Hivi ni nini?"

"Hiki kitoto ni zawadi ya Rhobi," baba alisema. "Mabati ni yangu. Jiko lako linavuja. Felix atapanda sasa hivi."

Mama Okinyi hakuwa na maneno, na hilo hatukuwahi kuliona. Alimbeba kitoto cha mbuzi, akamkumbatia kifuani. Aliangalia paa lake bovu, akaangalia mabati.

Nilitaka kusema asante. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi neno hilo njiani kote. Likakwama. Yeye akanishika shavu kwa mkono wenye harufu ya samaki.

"Nimesikia, nyathina," alisema.

Kisha akamgeukia Felix aliyekuwa ameshapanda ngazi.

"Felix, acha sehemu ya moshi kutokea. Na ukimaliza bati, weka na nyasi juu yake. Na mimi sitaki kuokwa."